Mleta uzi, semina ya siku moja haitoshi kupeleka vijana mlimani

Mkuu, umeuliza kama semina ya siku moja ya huduma ya kwanza inakutosha kusimamia vijana 30 wa kanisani kwenu kwenye kambi ya siku mbili milima ya Uluguru. Nimeongoza skauti miaka kumi na moja. Haitoshi. Huduma ya kwanza inaanza jambo likishaharibika, na wewe unahitaji kufundishwa kuliona likija.

Nikusimulie. Mwaka wangu wa pili tulikuwa na vijana 24 kwenye bwawa dogo chini ya maporomoko, maji yametulia, mengi ya kiunoni. Cheti ninacho, nimekaa juu ya jiwe nawatazama. Kijana mmoja wa miaka 13 akasogea penye kina. Hakupiga kelele wala kupunga mkono. Alikuwa wima majini, kichwa kimelalia nyuma, mdomo unazama na kuibuka, mikono inabonyeza maji pembeni kama anayepanda ngazi. Nikadhani anacheza. Mama aliyekuja kutupikia, mzaliwa wa kando ya mto, ndiye aliyeinuka jikoni akaniuliza, "Mwalimu, huyo mtoto mbona kimya?" Hakungoja jibu. Alikamata dumu tupu la lita 5, akakaza kifuniko, akalirusha. Kijana akalikumbatia, tukamvuta kwa mti wa hema. Alikohoa sana, tukampeleka hospitali jioni ile ile, maana aliyemeza maji kifuani anaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye.

Nilikuwa namtazama na sikumwona. Sikujua anayezama anafananaje, kwa sababu aliyenifundisha alinionyesha picha ya mtu anayepiga mayowe. Anayezama hana pumzi ya kupiga mayowe.

Tangu hapo wasimamizi wangu wote wanafanya mazoezi kando ya maji kabla ya safari, na mpishi yumo. Kwanza unamfikia mtu kwa fimbo ukiwa umelala nchi kavu. Ukishindwa, unarusha kitu kinachoelea. Kuingia majini ni mwisho kabisa, maana anayezama atakukwea mkazama wote. Tunafunga dumu kwa kamba ya mita 15, tunatia maji kidogo ndani lipate uzito, kisha kila mtu anarusha mpaka liwe linapita bega la mlengwa. Wengi mara ya kwanza hulitupa miguuni mwao. Vijana wanaoga wawili wawili, na kila baada ya dakika 10 filimbi ikilia kila jozi inashikana mikono na kuinua juu. Asiye na mwenzake anaonekana hapo hapo.

Kwenye semina yako omba mfanye mazoezi ya kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aliyeacha kupumua, kwa mwanasesere, mikono yenu wenyewe. Mtoto aliyezama ameishiwa hewa, hivyo asipopumua anaanziwa pumzi 5, halafu mikandamizo 30 kwa pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Ukiwa hujawahi kuchoka kwa kukandamiza, hujajifunza.

Radi: ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mmweko na ngurumo, ingieni kwenye jengo au gari, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Nyoka akiuma: msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Kiungo kitulizwe, mgonjwa abebwe. Piga simu kabla ya safari uulize hospitali ipi ina dawa ya sumu ya nyoka.

Lililo zito kuliko yote ni kusema "tunarudi". Kule hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwakuta vijana wa kanisa korongoni, wakafa saba. Septemba 2019 yakaua tena watu saba pale pale. Mvua hunyesha huko juu, nyinyi mliko kwenye korongo mnaona jua. Kwa hiyo jifunzeni dalili: maji yanayobadilika rangi, majani na vijiti vinavyoshuka, mvumo kutoka juu. Halafu muigize tukio lenyewe: basi limekodiwa, wazazi wamelipa, vijana wananung'unika, mchungaji anasubiri picha, na mmoja wenu anaahirisha. Mteue mtu huyo kabla hamjaondoka, na akisema, asibishiwe.

Na hili wengi wanaliruka: mtu mzima asilale wala kubaki faraghani na mtoto mmoja, hata akiwa nani. Siku zote watu wazima wawili. Vijana wapewe namba 116 ya msaada kwa mtoto, na waambiwe ya nini.

Umesema mko wasimamizi wawili. Kwa vijana 30, tafuta wengine watatu, mmoja awe mwenyeji wa milima ile. Mimi niko Morogoro mjini, kamba na madumu ninayo. Njooni Jumamosi moja, wote pamoja na mpishi wenu.