Taa ya mafuta imewaka na wewe unapanda mlima: maswali yenu

Swali: Fundi habari, nina gari Toyota IST, naishi Njiro, Arusha. Huwa naweka mafuta ya elfu kumi kumi, taa kuwaka kwangu ni kawaida. Siku hizi nikipandisha mlima inamisi, yaani injini inakatakata, nimebadilisha plagi zote bado tu.

Salama dada. Plagi umezionea bure. Pampu ya mafuta ya hiyo gari inakaa ndani ya tenki na kinachoipooza ni hayohayo mafuta, sasa ukizunguka mjini kila siku taa inawaka pampu inachemka, halafu ukipanda au ukikata kona yale kidogo yaliyobaki yanahamia upande mmoja, pampu inavuta hewa, presha inashuka, gari inamisi. Kabla hujampa mtu hela weka nusu tenki upande mlima uleule. Ikitulia ilikuwa njaa tu. Isipotulia, asubuhi kukiwa kimya washa gari, sikiliza siti ya nyuma, kuna mlio mdogo wa pampu. Ukiwa unalia kwa kukwaruza, huenda pampu imechoka, fundi aipime presha kwa geji asikisie. Na usiizoee kuiendesha hivyo, petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye masega, yale ya kwenye ekzosi yanayosafisha moshi, na bei ya masega unaijua.

Swali: Mkuu, Hiace ya dizeli imezima Boma Ng'ombe, mafuta yaliisha. Nimeweka lita tano, stata inazunguka lakini haiwaki. Injini imekufa?

Haijakufa, ina hewa. Acha stata kwanza, utamaliza betri na stata yenyewe. Juu ya filta ya dizeli kuna pampu ya mkono, legeza nati ya kutolea hewa kama ipo, pampu mpaka povu liishe yatoke mafuta matupu, kaza, endelea kupampu mpaka iwe ngumu mkononi, ndo upige stata kidogokidogo. Ikigoma, fundi alegeze nati za paipu za nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Ila msiifanye tabia, pampu ya nozeli inalainishwa na dizeli yenyewe, ikizunguka kavu inajila.

Swali: Nina boda huku Moshi, kutembea na rizevu, yale mafuta ya akiba chini ya tenki, kila siku kuna shida?

Mangi, yako ya kabureta haina pampu ya kuungua, mafuta yanashuka yenyewe. Shida yako ni maji na kutu vinavyokaa chini kabisa, ndo vinaziba kabureta. Ukijaza rudisha koki ya mafuta itoke kwenye rizevu, la sivyo siku yakiisha huna akiba, unasukuma.

Swali: Taa ikiwaka nikiwa Arusha mjini natoboa mpaka Moshi?

Kama kilomita 80 hizo. Wapo wanaotoboa, wapo tunaowafuata na kidumu. Simama sheli Usa River uweke.