Maswali ya Wasomaji: Bafu, Marumaru na Ukuta Usiokauka

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani na mume wangu ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Nyumba yetu tuliinunua ikiwa imekwisha kaliwa na wengine, na bafu lake, ambalo ndani yake kuna choo pia, lina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.4. Ukuta unaolitenganisha na chumba cha watoto umekuwa ukilowa kutoka chini hadi kimo cha goti. Rangi inabanduka na lipu inamomonyoka kama unga. Fundi wa kwanza alichukua malipo ya awali, akafanya kazi siku mbili, kisha simu yake haikupatikana tena, kwa hiyo tumeamua kulikarabati bafu wenyewe wakati wa likizo ya shule. Mume wangu amekwisha nunua marumaru zinazong'aa za sentimita 60 kwa 60, na anataka tuzibandike juu ya zile za zamani ili tusivunje chochote. Mimi nina wasiwasi, kwa sababu sakafu ya bafu iko chini ya korido kwa sentimita 2 tu, na hata sasa maji hutuama mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu lililo upande wa pili. Pia anataka kufunga mwenyewe shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, akisema kwamba ni nyaya tatu tu. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi kidogo. Jambo la mwisho, ambalo pengine si muhimu: mwezi wa Aprili tulikwenda msibani Korogwe kwa wiki mbili, na tuliporudi tulikuta ukuta umeanza kukauka, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha na koki ya tangi tuliiacha wazi.

JIBU: Dada, jambo ulilodhani si muhimu ndilo lililotueleza karibu kila kitu, na ninawaomba wewe na shemeji mlitafakari kabla hamjagusa nyundo. Bomba linaloleta maji kutoka kwenye tangi huwa limejaa maji yenye msukumo usiku na mchana, wenye nyumba wawepo au wasiwepo. Kama lingekuwa na ufa ndani ya ukuta, lingeendelea kuulowesha siku zote mlizokuwa Korogwe. Mvua nayo haiwezi kulaumiwa, maana ilikuwa inanyesha wakati ukuta unakauka. Kilichosimama ni matumizi ya bafu peke yake: hakuna aliyeoga na hakuna aliyevuta maji ya choo. Kwa hiyo maji yanayoingia chumba cha watoto ni yale yaliyokwisha tumika, nayo ama yanapenya kwenye mianya ya marumaru na kona ya sakafu, ama yanavuja chini kwa chini kwenye maungio ya bomba la maji machafu.

Kuna jaribio la kuzitofautisha njia hizo, na halina gharama. Jazeni mchanga mbichi katika mfuko wa plastiki usiotoboka, mkandamize mfuko huo juu ya tundu la kutolea maji, kisha jengeni tuta dogo la udongo wa mfinyanzi mlangoni. Mwageni maji hadi yafunike sakafu yote na mchore alama ya penseli ukutani pale yalipofikia. Wekeni pembeni bakuli lenye maji, nalo mlichore alama, kwa kuwa maji ya bakuli yatapungua kwa kukauka hewani tu. Baada ya saa 24, kama maji ya sakafuni yamepungua kuliko ya bakuli, sakafu yenyewe inavuja. Kama yamepungua sawasawa, basi mshukiwa ni bomba lililo chini ya tundu au la choo, na hapo marumaru mpya, hata zingekuwa za bei ya namna gani, zisingesaidia kitu.

Kuhusu kubandika juu ya marumaru za zamani, sikatai kwamba kuna mahali ambapo jambo hilo hufanyika na kudumu, kama vile ukuta mkavu wa jikoni ambao marumaru zake zimeshika vizuri. Gongeni za kwenu kwa sarafu, moja baada ya nyingine. Inayolia kama debe tupu imekwisha achana na sakafu, na chochote kitakachobandikwa juu yake kitaondoka nayo. Lakini hata zote zikilia vizuri, hesabu bado inakataa. Marumaru mpya pamoja na gundi yake haipungui sentimita 1.3, nanyi mna sentimita 2 tu kati ya bafu na korido. Mtabakiwa na chini ya sentimita moja, na siku tundu litakapoziba mtaamka mkute ndala za watoto zinaelea koridoni. Wasiwasi wako ulikuwa wa haki, na sakafu hiyo haina budi kuvunjwa.

Ikivunjwa, ndipo mnapopata nafasi ambayo nyumba huitoa mara moja katika miaka mingi, nayo ni kuuweka mteremko upya. Sakafu ya bafu inahitaji kushuka kiasi cha sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Kwa urefu wenu wa mita 2.4 hiyo ni sentimita 3.6, na ukiongeza zile 2 za mlangoni, uso wa marumaru kwenye tundu utakuwa sentimita 5.6 chini ya korido. Andikeni namba hiyo ukutani kwa chaki, kwa sababu ndiyo itakayowaongoza kuchimba. Wakati bomba liko wazi, kagueni maungio yote na mbadilishe trapu ya sakafuni, yaani kile kipande kinachobaki na maji ndani yake ili harufu na mende wa kwenye chemba wasipande juu. Maji hayo yanatakiwa yawe na kina cha sentimita 5. Nimekwisha ona watu wakiitupa trapu kwa kudhani kwamba ndiyo inayozibisha njia, kisha wakatumia fedha nyingi kununua manukato ya chooni.

Sakafu mpya ya saruji, kwa uwiano wa mfuko mmoja wa saruji kwa minne ya mchanga, inyunyiziwe maji kila siku kwa siku saba. Ikikauka, ipakwe dawa ya kuzuia maji mara mbili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza, na dawa hiyo ipande ukutani angalau sentimita 15 pande zote, ila upande wa kuogea ipande hadi juu ya kichwa cha mwogaji. Kona ndizo hupasuka kwanza, hivyo zitiwe kitambaa chake maalumu katikati ya mikono miwili. Kisha rudieni jaribio la mfuko wa mchanga. Najua litakuwa linachosha kwa wakati huo, lakini kuvuja kunakogunduliwa kabla ya marumaru hurekebishwa kwa brashi, na kunakogunduliwa baadaye hurekebishwa kwa tindo. Ule ukuta wa watoto ukwangueni lipu yote iliyooza, muuache wazi upumue, na msiupake rangi hadi ukauke kabisa, kwa kuwa chumvi iliyoingia na maji ya kisima huisukuma rangi nje hata baada ya uvujaji kukoma.

Sasa zile marumaru za shemeji. Kuteleza peke yake kungetosha kuzikataa, maana marumaru inayong'aa ikipata maji ya sabuni haimjui mwalimu wala mwanafunzi. Lakini kuna sababu nyingine ya kiufundi. Kipande cha sentimita 60 hakipindi. Ili kifuate mteremko wa kuelekea kwenye tundu moja, ni lazima kikatwe vipande, na ukikata vipande umeuharibu uzuri uliokufanya ukinunue. Zitumieni sebuleni au koridoni, na kwa bafu mnunue za sentimita 30 kwa 30 zenye uso wa kukwaruza. Sakafu yenu ni mita za mraba 3.6, mkiongeza asilimia 10 ya zitakazovunjika na kukatwa, marumaru 44 zinatosha.

Kupanga marumaru hizo ni kazi yako, dada, na sisemi hivyo kwa kukusifu. Anayejua kukata gauni la kitenge bila maua kwenda upande anajua tayari nusu ya ufundi huu. Ukiangalia kwa haraka utasema kwamba upana wa mita 1.5 unaingiza marumaru tano kamili. Lakini marumaru za ukutani na gundi yake zitakula sentimita 1.3 kila upande, na mianya nayo ina unene wake. Ukianzia ukuta mmoja, utamaliza upande wa pili na kipande cha sentimita 25 au 26 ambacho kila anayeingia atakiona. Anzia katikati kama unavyoutafuta mji wa kanga, weka tatu kamili, kisha kata mbili za pembeni ziwe kiasi cha sentimita 28 kila moja, nazo zitakaa kama mapindo yanayolingana. Zipange zikiwa kavu kwanza, pamoja na misalaba ya plastiki ya mianya, kabla gundi haijakorogwa. Gundi itandazwe yote kwa mwiko wenye meno, isiwekwe matonge matano kama maandazi, maana chini ya marumaru palipo wazi ndipo maji hujificha. Mkitumia saruji ya kawaida kwa marumaru nyepesi za ukutani, zilowekeni katika beseni kwa nusu saa. Mkitumia gundi ya mfuko, msiziloweke.

Kazi yoyote ina fundi na saidia fundi, na ugomvi wa watu wanaokarabati nyumba yao wenyewe mara nyingi hutokana na kuwepo mafundi wawili bila saidia. Kwenye kuvunja na kwenye mabomba, shemeji awe fundi. Kwenye kupima na kupanga, awe yeye anayekoroga na kupokeza.

Kwenye umeme sina maelewano. Shawa ya kilowati 5.5 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 24, na waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 uliozikwa ukutani haukukusudiwa mzigo huo. Inahitaji waya wake wenyewe kutoka kwenye kisanduku cha sakiti breka, kifaa cha kukata umeme unaovuja kinachozima kwa miliampea 30, na waya wa ardhini unaofanya kazi kweli, ambao upimwe kwa kifaa. Zaidi ya hayo, katika shawa nyingi za aina hiyo koili iko uchi ndani ya maji, na maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi kuliko maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo ulizieni ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Mwiteni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, yaani mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Shemeji anasema ni nyaya tatu, na ni kweli, lakini atakayesimama chini yake ameloa ni mtoto.

Likizo ya wiki nne inatosha kwa kubana, mradi bafu la muda la maturubai liwe limesimama uani kabla ya nyundo ya kwanza.

SWALI: Mimi na mke wangu tumemaliza bafu letu hapa Morogoro, lakini grauti, ile saruji laini ya kujazia mianya, imeacha ukungu mweupe juu ya marumaru. Jirani anatushauri tutumie asidi ya kusafishia choo.

JIBU: Msitumie. Asidi hula saruji, na itaondoka na grauti yenu pamoja na ukungu. Tumieni maji ya uvuguvugu na dodoki lililoloweshwa, msugue kwa kukatiza mianya bila kuifuata, mbadilishe maji mara kwa mara. Ukungu huo hutoka kidogo kidogo, kwa uvumilivu. Na kama jirani huyo amekwisha waletea chupa, isikae rafu moja na jiki, kwa sababu vitu hivyo viwili vikikutana hutoa hewa ya klorini, ambayo katika bafu lenye dirisha dogo inaweza kuua.