Kakimbia vita ila hajavuka mpaka, tumwiteje?

Msomaji wa Kigoma anauliza: "Redio moja ilisema watu walioambiwa watoke kambini kule Goma ni wakimbizi, nyingine ikasema wahamiaji wa ndani. Ipi sahihi? Maana hao hawajatoka Kongo."

Asante kwa kuuliza, hili linachanganywa kila siku. Hilo la wahamiaji mimi nalikataa kabisa. Mhamiaji kapanga safari yake, kauza kuku, kaaga majirani, hata kama kaondoka kwa shida za maisha uamuzi ni wake. Sasa mama wa Masisi, hukohuko mashariki mwa Kongo, aliyetoka usiku mtoto mgongoni sufuria kichwani na mabomu yanalia nyuma yake, huyo kahamia wapi? Kakimbia huyo.

Kwa hiyo mkimbizi ni sahihi, linatokana na kukimbia na mtu anakimbia hata kwenda kijiji cha pili. Ila kwenye sheria ndo kuna mpaka. Mkataba wa Geneva wa 1951 na ule wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969 inamtambua mkimbizi kuwa ni yule aliye nje ya nchi yake. Wakongo walioko kambi ya Nyarugusu hapo kwenu Kasulu, na wale waliovuka mto Rusizi mapema 2025 wakajazana uwanja wa mpira wa Rugombo kule Burundi, hao waite wakimbizi tu inatosha. Wale waliokuwa kwenye kambi za Bulengo na Lushagala pembeni ya Goma hawakuvuka, hao ni wakimbizi wa ndani. Wakenya neno hilo wamelizoea toka zile ghasia za uchaguzi wa 2007, na watu wa Goma wenyewe wanasema wadeplase, wamelitoa kwenye Kifaransa, kwa maongezi ya pale halina shida ila msomaji wa Tanga utamwacha njiani.

Na tofauti hii inagusa maisha ya watu jamani. Aliyevuka, nchi aliyoingia hairuhusiwi kumrudisha kwenye hatari na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wapo kumsimamia. Wa ndani mlinzi wake wa kwanza ni serikali yake, na Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 serikali hiyo pale haikuwepo tena, Februari M23 wakawapa watu wa kambini saa 72 wawe wameondoka, wengi wakarudi vijijini ambako nyumba zilishabomolewa. Mkataba wa Kampala wa 2009, wa Umoja wa Afrika, unawalinda watu hawa na unayabana hata makundi yenye silaha, lakini nani aliyekuwepo pale wa kuusimamia? Ukiandika "wakimbizi" basi, msomaji anadhani wameshafika nchi ya watu wako salama, kumbe wako chini ya walewale wenye bunduki.

Kwenye habari anza na wakimbizi wa ndani na utaje walipo, ukirudia sema wakimbizi, hakuna kosa. Na ile "wamerejea makwao kwa hiari" usimwandikie mtu aliyepewa saa 72.