Mashine iliposoma msiba ikaona furaha

Februari 2021 nilikuwa nachambua kwa programu hisia za machapisho ya Kiswahili ya Twitter (sasa X) kuhusu korona, na grafu yangu ikaniambia Watanzania wana furaha. Mstari wa hisia njema ulikuwa unapanda tangu katikati ya mwezi. Wiki hiyohiyo simu yangu ilikuwa haitulii kwa taarifa za misiba. Tarehe 17 peke yake walifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, na huku mtaani kwetu maturubai yalikuwa yanahama nyumba hadi nyumba.

Nikafungua machapisho yenyewe. Yaliyopata alama za juu kabisa yalikuwa ya namna hii: "Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani." Raha, mwanga, amani. Kwenye orodha yangu ya maneno na alama zake za hisia, yote matatu yalikuwa na alama ya kujumlisha, basi programu ikajumlisha. "Inna lillahi" nayo ilipewa sifuri kwa sababu haikuwemo kabisa. Na ile grafu nilikuwa nimeshaituma kwa walioniomba kazi.

Tangu siku hiyo, anayeniuliza aanzie wapi uchambuzi wa hisia namwambia asome machapisho mia tatu kwa macho yake kabla hajaandika mstari mmoja wa msimbo. Asome na daftari pembeni, aandike maneno ambayo watu wanayatumia kweli. Kazi hii inachosha, na vijana wengi wanairuka.

Mimi nilianza kwa kutafuta "corona", "korona" na "covid", nikadhani nimemaliza. Kumbe Tanzania ya wakati ule watu walikuwa wameshaliacha neno lenyewe. Takwimu rasmi zilisimama Mei 2020 kwenye wagonjwa 509, na Julai mwaka huo zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kusambaza habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka. Nani angeandika waziwazi? Watu wakasema "changamoto ya upumuaji". Wakasema nimonia, mafua makali, "hali ya hewa imebadilika". Chapisho la msiba lenye maneno "baada ya kuugua kwa muda mfupi" lilikuwa linasema mengi kuliko hashitegi kumi. Aliyetafuta neno korona tu alipata picha ya nchi iliyotulia.

"UVIKO-19" nalo lilikuja na mtego wake. Ni neno la ofisini. Ukilitafuta unapata mabango ya serikali, mashirika na vyombo vya habari, hasa baada ya Rais Samia kuchanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021. Ukitafuta "chanjo" unapata ubishi wa mtaani. Ukiongeza "chanja" unapata pia watu wanaochanja kuni na wanaookea samaki juu ya chanja. Na "barakoa" ya mwaka 2020 ilinijazia matangazo ya jumla na rejareja, ya rangi zote, tunaleta mpaka mlangoni. Wauzaji hao waondoe mapema, maana wao wana furaha kila siku.

Usijaribu njia ya mkato ya kutafsiri kila kitu kwenda Kiingereza kisha kuendesha VADER, programu ya kupima hisia za maandishi ya Kiingereza, au kifaa kingine cha huko. Nilijaribu. "Nimepiga nyungu", yaani nimejifukiza mvuke wa majani na viungo, tiba ambayo serikali ya wakati ule iliihimiza, ilirudi ikiwa mtu aliyekipiga chungu, na mashine ikaona ugomvi. Orodha za maneno nazo zinakwama kwenye sarufi yetu: "naogopa", "siogopi" na "haogopeshi" zina shina moja, na kifaa kinachotazama shina tu kitaziweka kapu moja. Siku hizi kuna nafuu. Mwaka 2023 ulitoka mkusanyiko wa AfriSenti, twiti zaidi ya 110,000 za lugha 14 za Kiafrika zilizowekewa lebo za hisia na watu, Kiswahili kikiwemo. Anzia hapo, kisha uongeze machapisho yako mwenyewe ya korona, kwa sababu lugha ya janga ina msamiati wake.

Kwenye kuweka lebo, tulikuwa watatu: mimi wa Dar, mwenzangu wa Mombasa na mwingine wa Nairobi. Tulifanya kila mtu peke yake kisha tukalinganisha. Tulipotofautiana ndipo tulipojifunza. Mfano ni tarehe 27 Machi 2020, jioni ya kwanza ya kafyu Kenya. Machapisho yaliwaka hasira. Mimi na programu tulikubaliana kwamba Wakenya wamekasirishwa na korona. Mwenzangu wa Mombasa akacheka, akanikumbusha kivuko cha Likoni jioni ile: watu wanatoka kazini, polisi wanarusha mabomu ya machozi na kupiga marungu. Hasira ilikuwa kwa karao, yaani polisi. Wengi wa hao hao waliokuwa wakiwatukana polisi walikuwa wanaunga mkono kunawa na kukaa nyumbani. Kwa hiyo tukaweka safu mbili kwenye jedwali, moja ya hisia na nyingine ya hisia hiyo inamlenga nani. Ukiweza kufanya jambo moja tu kati ya haya yote, fanya hilo.

Usiandike "wananchi wanaona" kwenye ripoti. Andika "walioandika hadharani Twitter". Shangazi yangu wa Handeni hayumo humo. Mjadala wake ulikuwa kwenye sauti za WhatsApp zilizosambazwa mpaka zikakwaruza, na huko hukuwa na ruhusa ya kuingia na programu ya kuchota machapisho. Na ukinukuu chapisho, libadilishe maneno. Mtu akilibandika neno kwa neno kwenye kisanduku cha kutafutia anampata mwenyewe, na kwa kanuni zile za 2020 hilo halikuwa jambo dogo.

La mwisho nililijifunza kwa chapisho moja, ambalo pia nimelibadilisha. Mtu aliandika kwamba amepiga nyungu mpaka jirani kaja kuuliza kama kuna pilau, akaweka vikatuni vinne vya kucheka. Tulibishana nusu saa. Mwenzangu wa Nairobi aliweka "furaha", wa Mombasa "anaunga mkono serikali", mimi nikaweka "woga", ingawa sikuwa na hoja nzuri. Kisha tukapanga machapisho kwa akaunti badala ya kwa tarehe, kazi ya dakika mbili ambayo sijui kwa nini hatukuifanya mwanzo. Siku nne baada ya ule utani, saa tisa za usiku, akaunti hiyohiyo ilikuwa imeuliza mtungi wa oksijeni unakodishwa wapi. Haikueleza ni wa nani. Ilijibiwa na watu wawili, ikasema asante, ikanyamaza wiki tatu, kisha ikarudi na matokeo ya mpira.

Lebo ya lile chapisho la pilau kwenye jedwali letu mpaka leo iko wazi.