Benki ya Nairobi imekataa amri ya mahakama ya Kampala: nifanyeje?

Swali: Wakili, habari. Mimi ni mhasibu hapa Nairobi, namsaidia mfilisi (anayekusanya mali ya kampuni iliyoanguka ili wanaoidai walipwe) aliyeteuliwa na Mahakama Kuu ya Uganda katika ufilisi wa kampuni moja iliyosajiliwa Kampala. Muda mfupi kabla kampuni haijaanguka, pesa nyingi zilitumwa kwenye akaunti yake ya Nairobi, na kutoka hapo nyingine zikaingia kwenye akaunti ya mkurugenzi. Tuliipelekea benki nakala ya amri ya Kampala tukiomba stetimenti. Meneja wa tawi alitupokea vizuri, lakini idara yao ya sheria ilijibu kwa mistari miwili: haiwezekani. Kuna mtu wanayemficha?

Jibu: Sidhani. Wanajilinda wenyewe, na kwa hilo siwalaumu. Amri ya Kampala, hata ikija na muhuri wake mwekundu, haiiamuru benki iliyo Nairobi. Tangu kesi ya Tournier iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1924, benki inaweza kutoa siri ya mteja kwa sababu nne tu: sheria ikilazimisha, wajibu kwa umma ukidai, maslahi ya benki yenyewe yakihitaji, au mteja akiridhia. Karatasi yenu haikugusa hata moja kati ya hizo.

Njia yenu inaanzia Milimani, hapa Nairobi, katika kitengo cha biashara cha Mahakama Kuu. Kifungu cha 720 cha Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015, pamoja na Jedwali lake la Tano, kimeingiza nchini sheria ya mfano kuhusu ufilisi unaovuka mipaka, iliyotungwa mwaka 1997 na UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa. Mfilisi aombe ufilisi wa Kampala utambuliwe hapa. Ataambatisha nakala iliyothibitishwa ya amri iliyomteua na maelezo ya kesi nyingine zozote za ufilisi anazozijua. Bahati yenu hati za Kampala ni za Kiingereza. Zingetoka Kinshasa mngeanza na gharama ya mtafsiri. Mkihofia pesa zitahama kabla ya uamuzi, ombeni amri ya muda siku hiyo hiyo mnapowasilisha ombi.

Sasa pale ambapo wengi hujikwaa. Mna maombi mawili, si moja. Akaunti ya kampuni ni rahisi: mfilisi akishatambuliwa, kwa vitendo yeye ndiye sauti ya mteja, na benki haina sababu kubwa ya kumbishia. Akaunti ya mkurugenzi ni ya mtu mwingine. Hapo kusema "tunamshuku" hakutoshi. Hati ya kiapo ionyeshe uhamisho mmoja mmoja: tarehe, kiasi, akaunti iliyotoa, akaunti iliyopokea. Jaji atapima pia haki za mkurugenzi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitasahaulika. Mkitaka asijulishwe kwanza, elezeni kwa nini akipata habari ataziondoa pesa.

Halafu maneno ya amri yenyewe. Niliwahi kuletewa rasimu iliyoomba "hati zote za aina yoyote zinazohusu kampuni". Wakili wa benki aliizungushia "zote" kalamu, akatuandikia barua, na wiki tatu zikapotea. Taja nambari ya akaunti na tarehe za kuanzia na kuishia. Omba fomu za kufungulia akaunti, kadi ya saini, na azimio la bodi lililoruhusu akaunti ifunguliwe. Zaidi ya yote, omba ujumbe wa SWIFT, mtandao ambao benki hutumia kupeana maelekezo ya malipo, wa kila uhamisho wa nje. Stetimenti mara nyingi itakupa mstari mmoja tu, kiasi na nambari ya rejea. Ujumbe wa SWIFT ndio unaotaja aliyeagiza, anayelipwa na benki iliyopokea. Nimeona uchunguzi wa miezi ukifunguliwa na karatasi hiyo moja.

Msichelewe. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inailazimu benki kuhifadhi kumbukumbu kwa miaka 7 tu, ingawa nyingi hukaa nazo zaidi. Pia jitoleeni kulipa gharama za utafutaji na nakala. Mara nyingi benki hulegeza msimamo ikiona hilo limeandikwa ndani ya ombi.

Jambo moja dogo ambalo husahaulika: amri iseme nakala zije na hati ya kiapo ya afisa wa benki, kama sehemu ya vitabu vya benki katika Sheria ya Ushahidi inavyotaka, ikieleza kwamba kumbukumbu hizo ni za shughuli za kawaida na kwamba nakala zimelinganishwa na zile halisi. Bila hati hiyo, mtabeba boksi zima hadi Kampala kisha wakili wa mkurugenzi asimame kulipinga.