Kabla Pete Haijaingia Nyuma kwa Fundi

Niliwahi kukaa kaunta kwenye duka la sonara hapa Dodoma mjini, kazi yangu ikiwa daftari na mizani, kwa hiyo ugomvi wa wateja nimeusikia kutoka upande ambao wengi hawaujui. Masonara wezi wapo, tusidanganyane. Lakini kelele nyingi nilizozishuhudia hazikuanzia kwenye wizi. Zilianza kwa sababu hakuna aliyeandika kitu kilikuwaje kilipoingia, na siku ya kutoka kila mtu akakumbuka lake.

Uzito ndio unaogombanisha zaidi. "Fundi, mbona cheni yangu imekuwa nyepesi?" Upungufu wa halali upo: tupa ikipita na kitu kikang'arishwa, dhahabu kidogo huondoka kama vumbi. Kwa cheni iliyokatika sehemu moja tu, upungufu huo ni mdogo sana. Pete iliyopunguzwa saizi ni habari nyingine, kwa sababu hapo kuna kipande kimekatwa, na kipande hicho ni mali yako. Kidai siku unayochukua pete, hata kama ni kidogo kiasi cha kuona aibu kukiulizia. Usipokidai, kinabaki kwenye droo, na droo ya sonara hujaa polepole.

Kuongeza saizi kuna mtego ambao mizani haiuoni. Pete ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, ndiyo maana hugongwa muhuri wa 750. Karati 9 ina asilimia 37.5 tu. Fundi akipachika kipande cha karati 9, uzito utaongezeka nawe utafurahi, na muhuri utaendelea kusoma 750 kwa sababu uligongwa kabla yake. Kwa hiyo kubalianeni karati ya kipande, na iandikwe. Lehemu yenyewe, ile ya kuunganishia kipande, huwa na dhahabu pungufu kidogo, maana lazima iyeyuke kabla ya pete. Kwa hilo usimgombeze mtu.

Sonara naye huonewa. Bangili ya bibi inaletwa ikiwa na sifa zote za ukoo, tupa inapita, shaba inachungulia. Ilikuwa ya kuchovya tangu siku ya kwanza, ila sasa familia nzima inaapa kwamba imebadilishwa. Ndiyo maana fundi makini huisugua kwenye jiwe la kupimia na kudondosha asidi mbele yako kabla hajaipokea. Wapo wanaolichukua hilo kama tusi. Mimi namwamini zaidi anayepima.

Mawe ndiyo yaliyonichosha. Tanzanite haipendi moto wala kupoozwa ghafla, inapasuka. Rubi, kama zile za Winza kule Mpwapwa, huvumilia joto, lakini ikipakwa boraksi, ile dawa ya kuchomelea, na kuchomwa, uso wake hulika. Krisoprasi, lile jiwe la kijani la Haneti, hupauka rangi ikipata joto. Fundi akikwambia atachomelea jiwe likiwa humo humo kwa kulifunika, mwombe alitoe kwanza, hata kwa kuongeza hela. Halafu washa tochi ya simu nyuma ya jiwe na upige picha hapo hapo kaunta, yeye akiona. Ufa wa zamani utaonekana, na hakuna atakayebisha baadaye.

Kama unataka vitu viyeyushwe vitengenezwe upya, kaa hapo hapo. Dhahabu ikishakuwa tone jekundu kwenye chungu, haina jina la mwenyewe. Pimeni kabla, pimeni tone likipoa, andikeni yote mawili. Asiyetaka uangalie, beba vitu vyako uondoke. Na ikiwezekana usipeleke kazi kipindi cha Bunge la bajeti au wiki za harusi. Mji unajaa, na bahasha zenye vitu vya wateja huchanganyika mezani.

Kuhusu karatasi: risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inathibitisha umelipa, basi. Haisemi pete ilikuwa gramu ngapi. Dai karatasi nyingine ya mkono yenye uzito, karati, hali ya jiwe, kazi iliyokubaliwa na sahihi za wote wawili. Mizani nayo iangalie kama ina stika ya Wakala wa Vipimo.

Ukikuta tatizo, usitoke nje ya mlango kwanza. Ukishafika Majengo na kurudi, atasema kitu umekibadilisha wewe. Pimeni upya, kisha mwende pamoja kwa sonara wa tatu asiye rafiki wa yeyote kati yenu, apime karati mkiwa wote mmesimama. Makubaliano ya fidia yaandikwe kwa gramu na karati, si kwa shilingi tu, kwa sababu bei ya dhahabu ikipanda kabla hajalipa utapata pungufu. Akikataa, mwenyekiti wa mtaa huweza kuwakalisha. Asiposikia, Mahakama ya Mwanzo ipo, na ile karatasi ya mkono ndiyo utakayoitoa huko. Polisi nenda mapema kama anakana kabisa kwamba aliwahi kupokea kitu chako.

Na ukimtuma mtoto au dada wa kazi kwenda kuchukua, mwambie apige picha kitu kikiwa kwenye mizani, kabla bahasha haijafungwa.