Mtaro wa masika huombwa vuli

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Masika ya Tanga hupiga Machi mpaka Mei. Zitazame tarehe hizo mbili kwa pamoja, utaelewa kwa nini kuna mitaa inadai mtaro miaka nenda miaka rudi na haiupati. Watu wanaamka kudai wakati vitabu vimeshafungwa.

Nimekuwa mjumbe wa kamati ya mtaa huku Ngamiani, Tanga mjini, kwa kipindi kilichoisha na uchaguzi wa Novemba 2024. Sikugombea tena, magoti yamechoka na ngazi za ofisi. Lakini kila mvua ikinyesha napigiwa simu na watu wa mitaa mingine: "Mama, nyie mlifanyaje mpaka mkajengewa?" Nimeona bora niandike mara moja, anayetaka asome.

Mwendo wa bajeti uko hivi. Kuanzia Oktoba hivi mpaka Desemba, mitaa huulizwa vipaumbele vyake. Vikitoka kwenye mkutano wa mtaa vinakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni Mtendaji wa Kata. Kata ikishachuja, wataalamu wa halmashauri wanajumlisha, kamati za kudumu zinajadili, na Baraza la Madiwani linapitisha mapema mwaka unaofuata. Kisha makabrasha yanapanda mkoani na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na kuanzia Aprili Bunge linakaa Dodoma kujadili bajeti. Sasa wewe maji yanakuingia sebuleni Aprili hiyohiyo. Unalolia mwezi huo, labda litangazwe kuwa dharura, litaingia kwenye mazungumzo ya Oktoba na fedha zake zitahesabiwa Julai ya mwaka wa mbele. Maana yake masika ya mwakani yatakukuta hapohapo, na ndoo yako mkononi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio huo, na mengine yote yananing'inia hapo: mtaro uombwe vuli, wakati masika bado yako mbali na hakuna anayeukumbuka. Najua ni kazi. Novemba ukiitisha mkutano kuhusu maji ya mvua wanakuja wazee wachache na watoto. Aprili ukiitisha, uwanja unajaa na matusi juu. Huo wa Novemba wenye wazee wachache ndio wa kupigania upate akidi, hata kama itabidi kamati igonge mlango kwa mlango.

Kabla hujaandika barua, jua mtaro ni wa nani. Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya kutoka Segera inayopita Tanga kwenda Horohoro, au ya kwenda Pangani, ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za ndani ya mji ni za TARURA, wakala ulioanzishwa 2017, na mtaro unaokwenda sambamba na barabara kwa kawaida unaifuata barabara yake. Usafi na uzoaji wa taka ni wa Halmashauri ya Jiji. Chemba inayofurika majitaka, kwa sehemu ya mji yenye bomba la majitaka, ni ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya hapa, na bomba la maji safi likipasuka ni haohao. Balozi wa nyumba kumi ni wa chama, si wa serikali ya mtaa. Mheshimu, mnywe naye kahawa, lakini mtaro usiupeleke kwake.

Mtaa wetu ulikuwa na barua iliyolala kwenye ofisi moja, sitaitaja, karibu mwaka mzima. Kumbe barabara yenyewe haikuwa yao. Hawakutukatalia, hawakutujibu, waliiweka tu. Ndiyo maana nawaambia watu: barua ipelekwe na nakala yake, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uombe namba ya jalada. Ofisi ikikwambia kwa mdomo kwamba barabara si yao, waombe kwa adabu waandike hivyohivyo kwa maandishi. Ukiwa na karatasi hiyo, ofisi ya pili haiwezi kukurudisha kwa ya kwanza. Na wakinyamaza kabisa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inayowapa siku zisizozidi 30 kukujibu unapoomba taarifa. Mimi sijawahi kufika mahali pa kuitumia kama rungu. Kuitaja mwishoni mwa barua, mstari mmoja, kulitosha.

Sasa barua yenyewe. Mhandisi mmoja kijana aliniita ofisini kwake, akanikaribisha kiti.

"Shikamoo mama. Hapa mmeandika mtaro mbovu. Mtaro upi?"

"Marahaba mwanangu. Huo wa karibu na msikiti."

Akacheka. "Mama, Ngamiani misikiti iko mingapi?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Sisi wa Ngamiani barabara zetu zina namba, Mungu atupe nini tena, halafu tunaandika "karibu na msikiti". Andika barabara ya ngapi, unaanzia kona ipi, unaishia kona ipi. Pima urefu; kamba na futi ya fundi cherehani zinatosha, mradi hesabu iwe ya kweli. Andika upana na kina. Piga picha maji yakiwa yamejaa, na nyingine mahali hapohapo pakiwa pamekauka, ukimsimamisha mtu kando ili ukubwa uonekane. Picha za mafuriko zinapigwa Aprili na kuwekwa. Hizo ndizo utakazozitoa Novemba.

Na kuna jambo ambalo mtu wa bara aliyehamishiwa huku hawezi kulijua usipomwambia: bahari. Mtaro unaomwaga pwani unategemea maji ya bahari yamejaa au yamekupwa. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, zile siku bahari inapojaa sana, maji hayana pa kwenda, yanarudi nyuma mtaani hata kama mtaro ni msafi kama sahani. Mtaalamu akija kukagua saa ya kupwa, wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, ataona mdomo wa mtaro uko wazi na ataandika kwamba tatizo ni taka tu. Muulize mvuvi yeyote siku za bamvua ni zipi, umwombe mtaalamu aje siku hizo, saa maji yakiwa juu. Sisi tulifanya hivyo, na ramani aliyokuwa ameichora mwanzo akaibadilisha palepale, amesimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu.

Muhtasari wa mkutano una nguvu kuliko hotuba zote. Mtendaji wa Mtaa ndiye anayeuandika, na ana mambo mengi, hivyo keti naye. Muhtasari ukisema "wananchi walilalamikia hali ya mitaro", hakuna mtu huko juu anayeweza kuugeuza kuwa fedha. Unatakiwa useme mkutano umeazimia kipaumbele cha kwanza kiwe ujenzi wa mtaro kutoka kona fulani hadi kona fulani, mita kadhaa, pamoja na kalavati moja mahali fulani, na orodha ya mahudhurio yenye sahihi iambatanishwe. Kipaumbele cha kwanza, nasema, kimoja. Nimeona mitaa inapeleka shule, zahanati, taa, kituo cha polisi, uwanja wa mpira na mtaro kwenye karatasi moja. Kata inachagua kilicho chepesi kwake.

Vikao vya Baraza la Madiwani mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Husemi kitu, unakaa tu. Nenda. Diwani wako akikuona umekaa pale nyuma na kitambulisho chako cha mtaa, ile hoja yenu haitasahaulika kwenye mkoba.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, kwa sababu watu huingia ofisini kama wanaoomba sadaka. Kodi ya jengo unakatwa ukinunua umeme wa LUKU tangu 2021. Kwenye kila lita ya petroli anayoweka dereva wa bodaboda mna tozo ya Mfuko wa Barabara, na mwaka huohuo wa 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Umeshalipa. Unakwenda kuulizia mali yako, kwa sauti ya chini na kwa heshima, lakini ni mali yako. Nyongeza ya hapo: miradi mikubwa haiji kwa anayelia zaidi. Jiji letu lilikuwemo kwenye ule mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mwaka 2024 Tanga UWASA waliuza hatifungani ya kijani, yaani walikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, zaidi ya shilingi bilioni 50, ili kupanua huduma ya maji. Fedha za namna hiyo hutafuta michoro na orodha iliyo tayari. Mtaa wenye muhtasari na vipimo kwenye jalada una cha kuchomoa siku hiyo. Wenzao ndiyo kwanza wanaitisha mkutano.

Wakati mnasubiri, msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea. Hapa nina maneno, maana nimeona mengi. Watu wanajitokeza Jumamosi ya mwisho wa mwezi, majembe na koleo, wanaingia mtaroni kwa moyo wote. Wanatoa makumbi ya madafu, pampasi, chupa za maji, viroba vya saruji vilivyoganda kama jiwe, na tope jeusi linalonuka mpaka mtaa wa pili. Lile tope wanalilundika ukingoni. Wanapiga picha, wanakwenda kunywa chai. Mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani, na wiki ya pili mtaro uko vilevile. Halafu mnaambiwa mtaa wenu ni wachafu.

Msiingize jembe kabla ya kupata gari. Mwenyekiti aandike kwa Afisa Afya wa Kata mapema, aombe gari la kubeba tope kwenda dampo siku hiyohiyo. Gari likikosekana, changeni mkodi lori, na kila anayetoa apewe stakabadhi, hata ya shilingi elfu moja. Michango isiyo na stakabadhi ndiyo inayoua msaragambo unaofuata. Lori nalo likishindikana, ahirisheni. Na anzeni kuchimba kutoka mdomoni, upande wa baharini, mkirudi juu. Wengi huanza mbele ya nyumba zao, wakampelekea jirani wa chini maji yote.

Halafu kuna jirani aliyemwaga zege juu ya mtaro ili wateja waingie dukani kwake. Kila mtaa unaye. Sheria ndogo za Jiji zipo, na hifadhi ya barabara ina wenyewe. Siku moja wanaweza kuja na rangi nyekundu wakachora X yao. Lakini ukianza na sheria utapata kesi na uadui kwenye misiba. Wa kwetu tulimwendea jioni baada ya Magharibi, mimi na mzee mmoja aliyemfundisha Kurani utotoni. Hatukugusia zege mpaka kahawa ilipofika raundi ya pili. Mzee akamwambia, "Mwanangu, maji ya kwako yanalala kwa mjane." Basi. Alivunja mwenyewe, kwa gharama yake, akaweka mifuniko ya kunyanyuka. Angeitwa kikaoni mbele ya watu angelikuwa anabishana mpaka leo.

Mkijaliwa mkapata mkandarasi, kazi ya mtaa ndiyo inaanza. Siku bango la mradi linaposimikwa, lipige picha: lina jina la mwajiri, la mkandarasi, gharama na muda wa kazi. Bango huwa na tabia ya kuanguka. Mtafuteni mtu asiye na shughuli nyingi, mstaafu hivi, akae kivulini karibu na kazi aangalie tu. Zege likishamwagwa linahitaji kunyweshewa maji kwa siku 7 angalau, na jua la huku halina huruma. Likiachwa likauke lenyewe linapasuka mapema. Msitukane mafundi. Wapelekeeni maji ya kunywa, na mwambieni msimamizi mliyoyaona, kisha mwandikieni mhandisi.

Kazi ikikabidhiwa, ulizeni kipindi cha matazamio kinaisha lini. Huo ndio muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama yake, na mara nyingi ni mwaka mmoja. Masika yatakayoangukia ndani ya mwaka huo ni ya thamani kuliko mengine yote. Tokeni na mwavuli mvua ikinyesha, tazameni maji yanatuama wapi, piga picha nyufa, pelekeni barua kabla tarehe haijapita. Na mifuniko ikaguliwe mmoja mmoja: usio na mishikio ya kunyanyulia ukataeni kabla gari lake halijaondoka mtaani.